Mwezi wa Kumi na Tatu

Ufilipino Krismasi huanza Septemba. Ikiingia tu tarehe mosi, nyimbo za Noeli zinafunguliwa madukani, nyota za mianzi na karatasi, wenyewe huziita parol, zinatundikwa vibarazani, na redio zinaanza kuhesabu siku zilizobaki. Mimi mtoto wa Kiislamu wa Tanga nilizichukulia shamrashamra zile kuwa harusi ya jirani: unasikia ngoma, unawaombea heri, unaendelea na yako. Hayo yalikwisha siku mwenzangu mmoja wa kazini aliponiuliza, tukiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, kama nimeanza kuweka kando mshahara wa mwezi wa kumi na tatu wa Ate, msaidizi wetu wa nyumbani.

Tulikuwa Los Baños, mkoa wa Laguna, kusini mwa Manila. Mji umekaa kati ya Mlima Makiling na ziwa la Laguna de Bay, na tangu 1960 ndiko yaliko makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga. Kazi ya mpunga ndiyo iliyonipeleka. Mama alitaka nifungashe mchele wa Kyela. Ilinichukua muda kumweleza kwamba ninakokwenda mchele ndio shughuli ya mji mzima.

Nyumba yenye watoto wawili na wazazi wote wawili kazini haiendi bila mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa Ate. Umri wake ulikuwa kama wa dada yangu mkubwa. Kwao ni kijiji cha karibu na Lucban, mkoa wa Quezon, wanakosuka kofia na mikeka ya buri, mti wa jamii ya minazi. Tulimwita Ate kama Wafilipino wanavyomwita kila dada mkubwa. Yeye aliniita Ma'am, na kila nilipomwomba aniite kwa jina langu aliitikia, "Ndiyo, Ma'am."

Alianza kazi Machi 2014, na tangu wiki ya kwanza niliona kuwa hapa mambo si ya "njoo kesho na begi lako". Palikuwa na mkataba wa maandishi kwa lugha anayoielewa. Palikuwa na kwenda naye kumwandikisha kwenye ofisi ya barangay, ambayo ni kama serikali ya mtaa ya kwetu. Palikuwa na michango ya hifadhi ya jamii, ya bima ya afya na ya mfuko wa nyumba. Kila mwezi ilinibidi nimwandikie karatasi ya malipo na kuweka nakala yake. Yeye taratibu hizi alizijua kuliko mimi. Siku ya mkataba ni yeye aliyenionyesha kifungu cha mapumziko ya saa 24 kwa wiki na kuniuliza nimeandika siku gani.

Kifungu cha mwezi wa kumi na tatu kilikuwamo, ila nilikipita kama mtu anavyopita masharti madogo nyuma ya tiketi ya basi. Nilipokirudia, nikatafuta na historia yake. Amri iliyoanzisha malipo hayo, namba 851, ilitolewa na Rais Ferdinand Marcos tarehe 16 Desemba 1975, nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi. Iliwahusu wenye mshahara usiozidi peso 1,000 kwa mwezi. Mwaka 1986 Corazon Aquino, aliyemrithi Marcos baada ya umma kujaa barabarani, alikiondoa kiwango hicho. Lakini watumishi wa majumbani walibaki nje kwa muda wote huo. Mpishi wa hoteli alikuwa na malipo hayo, mpishi wa nyumbani kwa mwenye hoteli hakuwa nayo. Ilisubiriwa mpaka Januari 2013, mtoto wa Corazon, Rais Benigno Aquino wa Tatu, alipotia saini Sheria ya Jamhuri namba 10361, inayojulikana kama Batas Kasambahay. Ufilipino ilikuwa imekwisha kuridhia, 2012, Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, nchi ya pili duniani baada ya Uruguay. Kwa hiyo Ate aliponijia, haki aliyokuja nayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ianze kutumika. Alikuwa amefanya kazi za majumbani tangu usichana wake.

Hesabu si ngumu. Unachukua jumla ya mshahara wa msingi alioupata mtu ndani ya mwaka wa kalenda, unagawa kwa kumi na mbili, unalipa kabla haijapita tarehe 24 Desemba. Aliyefanya kazi mwaka mzima anapata mshahara mmoja kamili. Aliyemaliza mwezi mmoja tu, naye ana chake. Chakula mara tatu kwa siku na mahali pa kulala havimo, kwa sababu hivyo ni wajibu wa mwajiri mbali na mshahara. Na mtu akiondoka Juni, cha Januari hadi Juni analipwa anapoondoka. Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Maana yake pesa hii haiwezi kuwa kamba ya kumfungia mtu mlangoni.

Nilipomsimulia mama kwa simu, alinyamaza kidogo akauliza, "Kwani mwaka wao una miezi mingapi?" Nikamweleza. Akasema, "Sasa ukishaambiwa na serikali utoe, thawabu yako iko wapi?"

Swali lile nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyotaraji. Nimekulia kwenye nyumba ambayo msaidizi hakuondoka mikono mitupu sikukuu yoyote. Idi ndogo jozi ya kanga, Idi kubwa nyama na mchele, mwisho wa mwaka nauli na sukari ya kupeleka kwao. Mama ni mtu mkarimu, na hakuna anayemfahamu atakayebisha. Ila naikumbuka pia miaka ambayo kanga haikutoka kwa sababu dada alivunja birika au alijibu kwa sauti ya juu, na ninakumbuka jinsi mwezi mzima wa Ramadhani dada huyo alivyokuwa akitembea kwa kunyata. Kila mtu ndani ya nyumba alijua anachokinyatia.

Los Baños tuliifuata desturi ile ile. Katikati ya Julai 2014 kimbunga ambacho Wafilipino walikiita Glenda kilipita juu yetu, kikang'oa miti, kikatuacha gizani, na huko Quezon kikaondoka na paa la Ate. Alikwenda kwao wiki mbili. Mwenyewe alitaka ziwe bila malipo, asinidai nisimdai. Aliporudi Idi ilikuwa imetoka tu kupita, nikampa mkono wa Idi: peso 2,000 na jozi ya kanga niliyoitunza kabatini. Aliupokea kwa mikono miwili, uso umemwiva, akasema mambo mengi kwa Kitagalogi ambayo sikuyashika yote.

Kuanzia hapo nyumba ilianza kupokea vitu. Kwanza kofia mbili za buri za watoto. Kisha mkeka mkubwa ambao najua mtu hausuki kwa siku mbili. Oktoba, msimu wa lanzones, tunda dogo la vichala lenye ngozi ya manjano, aliporudi kutoka kwao alibeba kapu zima akalivusha jipni tatu. Kisha jogoo, mzima. Nilimwomba aache, akacheka. Mwenzangu mmoja Mfilipino nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Ulimpa mbele ya watoto wako," akasema, "na wakati wa shida. Atakulipa mpaka akonde." Peso 2,000 zangu zilikuwa zimeanzisha deni ambalo mimi sikulikusudia na yeye hakuweza kulilipa, kwa sababu deni la namna hiyo halina kiasi. Nani ataandika risiti ya wema?

Desemba ikafika. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu: miezi kumi kwa peso 8,000, jumla 80,000, gawa kwa kumi na mbili, 6,666.67. Nikamwita jikoni nimwonyeshe karatasi kabla ya kwenda benki. Aliisoma, akafungua droo ya vijiko, akatoa karatasi yake aliyoiandika nyuma ya orodha ya soko. Yake ilisema 6,333.33.

"Wiki mbili za Glenda, Ma'am. Hazimo."

Nikamwambia zile tuziache zilivyo, tofauti yenyewe ni peso 333 na senti. Akatikisa kichwa. Akaichukua kalamu yangu, akaifuta namba yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika yake juu. Hakukasirika wala hakujifanya mnyenyekevu. Alifanya kama karani anavyosahihisha tarakimu. Mwanamke aliyenibebea jogoo mzima kwenye jipni alikuwa anakataa peso 333, na nilipofikiri niliona hakuna kinachogongana. Alikuwa na vitabu viwili vya hesabu na hakutaka nivichanganye.

Siku ya malipo nilimkabidhi bahasha. Akaifungua pale pale, akalowesha kidole, akahesabu noti moja moja mbele yangu. Kwetu kuhesabu zawadi mbele ya aliyeitoa ni utovu wa adabu wa kusimuliwa msibani. Alipomaliza akatia saini karatasi, akasema "Salamat po", asante, akauliza kama kuku wa jioni awe wa adobo au wa kukaanga. Basi. Hakuna dua ya kuongezewa, hakuna macho ya machozi, hakuna jogoo baadaye.

Nitasema kweli, kuna kitu nilikikosa jioni ile. Mtu akizoea kushukuriwa, malipo yasiyo na shukrani huonekana kama chakula kisicho na chumvi. Halafu nikakumbuka kuwa hata mimi mshahara wangu unapoingia sipigi magoti mbele ya mhasibu. Natazama kama umetimia, na usipotimia napiga simu. Swali la mama kuhusu thawabu lilikuwa na jibu lake hapo, ingawa sikumpigia kumwambia: thawabu ilikuwa yangu kuitafuta kwingine, nisiitafute kwenye mfuko wa Ate.

Wageni wenzangu walikuwa na maoni ya kila aina. Mmoja alilalamika kila Desemba kuwa mtumishi wake tayari anakula na kulala bure. Mwingine alijisifu kuwa yeye hampi pesa, humpa kapu la vyakula vya mkesha, na kapu lenyewe ghali. Walikuwapo waliolipa mara mbili ya kinachotakiwa kisha wakalisimulia jambo hilo kwenye kila meza ya chakula. Wengi, kusema haki, walilipa kinachotakiwa na hawakusema neno. Nao wasaidizi walilinganisha mambo yao sokoni na kanisani. Kuanzia Desemba 16 kuna misa tisa za alfajiri, Simbang Gabi, mpaka mkesha wa Krismasi, na baada ya misa watu hubaki uani wakila bibingka, mkate wa unga wa mchele unaookwa kwa makaa chini na juu kama mkate wetu wa kumimina. Ate alikuwa akirudi saa kumi na mbili asubuhi na vipande vya watoto vimefungwa kwenye jani la mgomba, pamoja na habari zote: nani amelipwa, nani ameahidiwa, nani anazungushwa.

Nilivyokuja kujua, Ufilipino si peke yake. Brazil ina mshahara wa kumi na tatu tangu sheria ya Julai 1962, nao hulipwa kwa mafungu mawili, la mwisho kufikia Desemba 20. Mexico sheria yake ya kazi ya 1970 inataka si chini ya mshahara wa siku 15. Waitaliano wana yao, na yaya wa Kifilipino wa Roma anaijua vizuri.

Walio Ghuba ndio hawana. Mdogo wake Ate alikuwa Dammam, akilea watoto wa watu. Walizungumza kwa video Ijumaa, Ate akikunja nguo. Siku moja mdogo wake aliniona nikipita nyuma, akapaza sauti kutoka kwenye simu, "Ma'am, unamlipa wa kumi na tatu?" Nikamwambia ndiyo. Akamgeukia dada yake wakacheka kicheko kirefu ambacho hawakunitafsiria. Serikali yao tangu mwishoni mwa 2006 ilitaka anayekwenda kazi za ndani nje ya nchi asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, lakini mwezi wa kumi na tatu haukuvuka bahari. Mimi nami nina binti wa ami yangu Muscat, amekwenda kutoka Tanga kwa kazi hiyo hiyo. Yeye humaliza Ramadhani akiwa hajui kama atapata kitu. Mwaka mmoja bibi mwenye nyumba alimpa bangili ya dhahabu. Mwaka uliofuata hakupata kitu, kwa kuwa wiki ile bibi alikuwa hasemi naye. Ukimuuliza bibi huyo yukoje atakwambia ni mwema, na anasema kweli.

Mkataba wangu ulipokwisha tulirudi, tukakaa Dar es Salaam. Ate nilimlipa sehemu yake ya mwaka ule siku ya kuagana, akaihesabu. Kisha tukalia wote wawili, kwa sababu hilo lilikuwa la kitabu kingine.

Dar tulimpata dada kutoka Lushoto, binti wa miaka ishirini na kitu, mwepesi, mwenye maneno machache. Kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi, ana likizo ya siku 28 na ana notisi. Mwezi wa kumi na tatu haumo. Amri ya mishahara ya 2013 ilipanga kima cha chini cha wasaidizi kwa kumtazama mwajiri: kwa mwanadiplomasia 150,000, kwa mtu wa kawaida msaidizi akiishi humo humo ndani 40,000. Mikono ni ile ile, ufagio ni ule ule.

Wengi mtaani kwetu Desemba walikuwa na sheria yao wenyewe. Dada akiomba kwenda kwao, unampa nauli na nusu ya mshahara, nusu nyingine unaishika mpaka arudi. Usipoishika harudi. Nimelisikia hilo likisemwa na watu wenye shahada, wanaoswali safu ya mbele, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekueleza jinsi ya kufunga mbuzi.

Desemba ya kwanza nilimwita dada jikoni. Alikuwa ameanza Aprili, miezi tisa kwa shilingi 150,000, jumla 1,350,000, gawa kwa kumi na mbili: 112,500, mbali na mshahara wa mwezi. Nikamwekea bahasha mbili mezani. Akazitazama, akanitazama, midomo ikaanza kumcheza.

"Shangazi, nimekosa nini?"

Alidhani ni kiinua mgongo. Kwa alivyojua yeye, mtu hupewa pesa isiyo na sababu siku anapofukuzwa. Ilibidi nikae, nimwandikie miezi mmoja baada ya mwingine, nimwonyeshe kuwa ni zake tangu Aprili. Bado alizishika kama mtu aliyeokota. Alirudi Januari na viazi, karoti na pilipili hoho za milimani nusu gunia, nikajua safari hii sikueleza vizuri, kwa hiyo nikaeleza tena.

Jirani yangu, mama mmoja niliyezoeana naye, alizipata habari kwa njia ambayo habari hizi hupita, dada kwa dada, ukutani. Alinijia baraza la jioni akiwa amekereka. "Umekaa ughaibuni umekuja kutuharibia. Wa kwangu naye ameanza kuniuliza mambo ya kumi na mbili, kumi na mbili." Nikamwambia mimi sikumtuma. Akasema, "Hata. Ngoja mwakani, utamwona huyo wako anakwenda moja kwa moja."

Mwaka wa pili Julai nilimpandisha mshahara hadi 180,000. Oktoba, sijafungua hata daftari langu, dada akaniletea simu yake, ameandika: miezi sita mara 150,000, miezi sita mara 180,000, jumla 1,980,000, gawa, 165,000. Aliitaka mapema Desemba kabla nauli hazijapanda. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nikamlipa, akahesabu noti mbele yangu bila haya, akasafiri.

Hakurudi. Alinipigia baada ya mwaka mpya, akaniambia amechukua cherehani kwa mtu, amelipa sehemu, sehemu iliyobaki atailipa kwa kushona sare za shule, naomba radhi shangazi, nguo za watoto nilizoacha kwenye kamba zimeshaingizwa ndani? Nilikasirika siku mbili tatu. Shule zilikuwa zinafungua na sikuwa na mtu. Nikatafuta mwingine.

Jirani alikuja, bila shaka, kunipa pole. Pole yenyewe ilikuwa na sukari nyingi. Alikaa, akanywa chai, akaongea ya bei ya mkaa na ya mwanawe anayesoma Morogoro. Alipoinuka kuondoka akasimama kizingitini akipanga mtandio, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu.

"Hivi ile hesabu yako, unagawa kwa kumi na mbili au kwa kumi na tatu?"

"Kumi na mbili."

"Hata kama hakumaliza mwaka?"

"Hata kama."

Akatoa simu, akaanza kubonyeza namba.